Kifungo cha Mkusanya Sarafu

Palikuwa na nchi, na bado ipo, jambo ambalo huwashangaza wachumi. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu halijapatikana. Kamati ya Kupendekeza Jina la Taifa iliundwa siku ya uhuru, ikapewa wiki mbili, na hadi leo inaendelea kukaa, kwa kuwa posho hulipwa kwa kukaa na si kwa kumaliza. Katika ramani nchi hiyo huandikwa "Jina Linafuata". Raia wake ni watu wachangamfu, wapenda chai na mabishano, na wamejaliwa kipaji cha kutoshangaa ambacho sijakiona penginepo.

Kiongozi wao huitwa Mlezi. Alishika madaraka kwa muda tu, ili aandae uchaguzi, na katika mwaka ninaousimulia alikuwa anatimiza robo karne ya kuuandaa. Wataalamu wote wa nchi ile wanakubaliana kwamba hakuna uchaguzi duniani uliopata kuandaliwa kwa uangalifu namna hiyo. Tukio la uzito huu halipaswi kupita kimyakimya, na Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Kigumbe, hakuwa mtu wa kulipitisha. Alitamka redioni kwamba taifa lisilo na kumbukumbu ni kama mtu asiye na kivuli saa sita mchana, na kauli hiyo ilipigiwa makofi marefu kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuifikiria.

Ikaamuliwa, basi, itolewe sarafu ya kumbukumbu: ya fedha halisi, yenye kichwa cha Mlezi upande mmoja, na upande wa pili picha ya uchaguzi. Kwa kuwa hakuna aliyekumbuka uchaguzi unafananaje, upande wa pili uliachwa kwa busara ya mtengenezaji.

*

Hapa sina budi kusimama kidogo katika neno moja, maana neno hilo ndilo lililoleta mambo yote yaliyofuata.

Mhunzi akigonga chuma kikawa jembe, amekifua. Sonara akigonga fedha ikawa bangili, ameifua. Sarafu nazo hufuliwa, na mtu mwenye elimu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo Waziri aliiandikia Bodi ya Zabuni kwa Kiswahili kisicho na doa: "Itafutwe kampuni ya kufua sarafu elfu hamsini za Jubilei, kwa ubora na kwa haraka."

Bodi ilikuwa na wajumbe saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kiwanda cha mhunzi, lakini wote walivaa mashati meupe.

Makampuni matatu ya ng'ambo yaliomba kazi hiyo kwa bei za kutisha, yakitaja matanuru, michanganyiko ya madini na mihuri ya chuma cha pua. Mwombaji wa nne alikuwa Dobi la Umoja, mali ya Bwana Sururu, ambaye kwa sadfa tu alikuwa shemeji wa Waziri. Ombi lake lilikuwa fupi na la kiungwana: "Tumefua kwa miaka mingi bila malalamiko makubwa. Sarafu elfu hamsini tutazifua kwa siku tatu, pamoja na kuzipiga pasi. Sabuni ni juu yetu."

Sheria ya zabuni ya nchi ile iko wazi kwamba apewe mwenye bei ya chini. Bodi ilimwita Bwana Sururu kwa mahojiano, na Mwenyekiti, ambaye alijulikana kwa kutopitisha jambo bila kuuliza, aliuliza.

"Pasi yenu ni ya mkaa au ya umeme?"

"Ya mkaa, Mwenyekiti. Ile ya umeme huunguza kola."

"Sarafu hazina kola."

"Ndiyo maana bei yetu iko chini, Mwenyekiti."

Bodi iliridhika. Katika taarifa yake ilimsifu Bwana Sururu kuwa ndiye mwombaji pekee aliyeielewa kazi.

Bwana Sururu alikuwa mtu mwaminifu kwa namna yake, na hakuna mahali popote katika kisa hiki ambapo alisema uongo. Alikwenda Hazina na barua yenye muhuri, akaomba apewe hizo sarafu za kufuliwa. Hazina, ambayo haibishani na muhuri, ilimpa magunia ya sarafu kuukuu za thamani ndogo kabisa, zile zenye picha ya ndege kanga, zilizokuwa zimezunguka soko la samaki kwa miaka mingi na kupata harufu yake. Aliziloweka kwa sabuni ya mche. Akazisugua, akazisuuza, akazitia buluu, akazianika kwenye mikeka nyuma ya duka, kisha akazipiga pasi moja baada ya nyingine. Alijaribu pia kuzitia wanga, lakini hazikushika, na kwa hilo aliomba radhi. Zilipotoka pale ziling'aa hata kanga mwenyewe akaonekana kama ametoka kwa msusi.

Jioni Waziri alimpigia simu.

"Shemeji, zimefuliwa?"

"Zimefuliwa, shemeji, mpaka zinanukia."

"Zinanukia?"

"Vitu vya Mlezi vikose kunukia, shemeji?"

Waziri alikubali kwamba hilo lisingekuwa sawa.

Sarafu zilitiwa kila moja katika kiboksi chake chenye picha ya Mlezi akitabasamu, na kila kiboksi kikapigwa lakiri nyekundu. Waziri alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mkusanyaji wa kweli wa sarafu za kumbukumbu hafungui kifungashio, maana kikifunguliwa tu bei hushuka. Jambo hilo lilimpendeza, maana sarafu zenyewe alikuwa amekwisha kuziona. Akaagiza kila boksi liandikwe kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. UKIFUNGUA, THAMANI HUSHUKA NA MAPENZI HUPUNGUA.

*

Mauzo yalikwenda vizuri kupita matarajio, na matarajio yalikuwa yameandikwa katika bajeti. Watumishi wa umma walikatwa mshahara na kupewa boksi kila mmoja. Aliyeomba cheti cha kuzaliwa alipewa boksi la mtoto. Aliyeomba cheti cha kifo alipewa mawili, kwa kuwa ilidhihirika kwamba marehemu hakuwa amenunua lake. Mwishoni mwa mwezi Wizara ilitoa tangazo: sarafu zilizofuliwa, elfu hamsini, sarafu zilizouzwa, elfu sitini na moja.

Mwandishi mmoja wa gazeti alithubutu kuuliza inawezekanaje kuuza zaidi ya kilichopo. Waziri alimtazama kwa huruma. "Ndugu yangu," akasema, "hicho ndicho kipimo cha mapenzi." Mwandishi aliandika hivyo hivyo, na mhariri wake akaongeza kwamba mapenzi yalikuwa yamevuka lengo kwa asilimia ishirini na mbili.

Ni watu wachache tu nchini waliokosa usingizi kwa sababu ya tarakimu hizo, nao walikuwa Chama cha Wapenzi wa Sarafu za Kumbukumbu. Wanachama hao hukutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba kilicho juu ya kiwanda cha mikate, ambako hupata joto la bure na harufu ya bure. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Ngwali, mkaguzi mstaafu wa mizani, mtu mrefu, mkavu, aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina uzito wake halali. Alivaa koti la kahawia lililokosa kifungo cha pili kutoka juu. Kifungo hicho kilipotelea kwa dobi wiki ileile ya Jubilei, na mkewe, Bi Maisara, alikuwa amempa vingine vya kila rangi, naye akavikataa vyote. "Seti pungufu," alisema, "ina heshima kuliko seti ya kughushi." Bi Maisara alijibu kwamba heshima hiyo inaingiza baridi.

Jumamosi hiyo kila mwanachama alikuja na boksi lake. Yaliwekwa mezani, yakatazamwa pande zote, hayakufunguliwa. Bwana Chande, mweka hazina wa chama na mpinzani wa Ngwali katika kila jambo tangu ujana wao, ndiye aliyeanza.

"Ngwali, hebu tikisa lako tusikie."

Bwana Ngwali alitikisa. Boksi likasema: tak.

"Langu halisemi hivyo," alisema Bwana Chande, akatikisa. Likasema: ting.

Wanachama walitazamana. Wakatikisa yote. Mengi yalisema ting, na mawili tu yakasema tak.

"Mabwana," alisema Bwana Ngwali, "kuna chapa mbili."

"Au fundi alikuwa na muhuri mbovu," alisema Bwana Chande.

"Chapa yenye kasoro ni adimu zaidi, na adimu ni ghali zaidi. Chande, wivu haukufai, una shinikizo la damu."

"Sina wivu. Nina ting."

Kikao kikaamua rasmi kwamba sarafu ya Jubilei ina aina mbili, Chapa ya Ting na Chapa ya Tak, na kwamba ya pili ina thamani mara nne ya ya kwanza. Nachukua nafasi hii kuwakumbusha wasomaji kwamba hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyekuwa ameiona sarafu yenyewe. Nimewahi kuhudhuria mikutano ya wataalamu wa fani nyingine, na sikuona tofauti kubwa.

Kisha wakafika kwenye tarakimu.

"Zimefuliwa elfu hamsini, zimeuzwa elfu sitini na moja," alisema Bwana Ngwali. "Hizo elfu kumi na moja zimetoka wapi?"

"Labda zimezaana," alisema mwanachama mmoja aliyefuga sungura.

"Au tumedanganywa idadi," alisema Bwana Chande. "Kama walifua laki, sarafu zetu ni kokoto. Kama walifua elfu tano, sisi ni matajiri. Mkusanyaji asiyejua idadi iliyofuliwa ni kama mkwe asiyejua mahari: anatabasamu tu."

"Nitauliza," alisema Bwana Ngwali.

"Utamuuliza nani?"

"Aliyefua. Nitaiuliza Serikali, siku ya Maonyesho ya Jubilei."

Wenzake walimsifu kwa ujasiri, wakajitafutia udhuru wa siku hiyo.

*

Maonyesho ya Jubilei yalifanyika katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu. Waziri Kigumbe alihutubia akiwa amesimama mbele ya piramidi ya maboksi yaliyofungwa. Alisema sarafu hii ni ndogo kwa umbo lakini ni pana kwa maana. Alisema inatoshea katika kiganja cha mkulima na katika moyo wa historia. Alisema mengine pia, na yote yalikuwa na urefu. Mwishoni akauliza, kama wanavyouliza waheshimiwa wasiotarajia jibu, kama kuna mwenye swali.

Bwana Ngwali alisimama, akafunga koti lake katika vifungo vilivyosalia.

"Mheshimiwa Waziri, nauliza kwa heshima na taadhima. Kwa hakika hasa, Serikali imefua fedha hizi ngapi?"

Katika safu ya mbele aliketi afisa mmoja kijana wa Usalama, ambaye juma lililotangulia alikuwa amehudhuria semina ya siku tano kuhusu kufua, yaani kutakatisha, fedha haramu, na kutokana na semina hiyo alikuwa amebakiwa na begi, kalamu na neno moja. Aliruka kama aliyechomwa sindano.

"Amesema Serikali inafua fedha!"

"Uongo!" alinguruma Waziri, kabla hajakumbuka alichokuwa ameandika. "Serikali hii haijawahi kufua chochote!"

Piramidi ya maboksi ilikuwa nyuma yake, ikinukia sabuni.

Afisa alimfikia Bwana Ngwali, akasimama mbele yake, na malezi ya nyumbani yakamtangulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Uko chini ya ulinzi, mzee."

"Haya. Lakini shika boksi langu kwa mikono miwili, baba, na usilitikise. Ni Chapa ya Tak."

*

Kosa la kuisingizia Serikali kuwa inafua fedha lina adhabu ya kifungo kisichopungua miaka miwili. Kesi ilipangiwa Jaji Semkiwa, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, ambaye alisifika kwa uhuru wake na kwa kujua siku za kuutumia. Asubuhi ya kesi Mlezi mwenyewe alizungumza redioni. Alisema nchi yake inafuata utawala wa sheria, kwamba hawezi kamwe kuingilia mahakama, na kwamba mshtakiwa atapata kifungo.

Bwana Ngwali hakuwa na wakili. Wakili wa pekee aliyemfuata alitaka kulipwa boksi.

Mwendesha mashtaka, kijana aliyependa sana sauti yake, alianza. "Mheshimiwa Jaji, kufua ni kuondoa uchafu kwa maji na sabuni. Hata mtoto analijua hilo. Mshtakiwa alidai hadharani kwamba Serikali yetu tukufu imeondoa uchafu katika fedha, kwa maana kwamba fedha za Serikali zina uchafu!"

"Mshtakiwa, una la kujibu?"

"Mheshimiwa Jaji," alisema Bwana Ngwali, "Serikali hiyohiyo hutuambia kila mwaka inafua umeme. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote, na sijauona umeanikwa."

Umati ulicheka. Jaji aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kwa hiyo unasema kufua ni kugonga chapa."

"Ndivyo wasemavyo wahunzi, Mheshimiwa Jaji. Niliuliza ni sarafu ngapi zimegongwa. Sikumsingizia mtu usafi."

Mwendesha mashtaka alitabasamu. Alikuwa na shahidi wa kuimaliza kesi, mkandarasi mwenyewe, atakayeeleza jinsi kazi ya taifa ilivyofanywa kwa uadilifu. Bwana Sururu aliingia na shati lililonyooka kama karatasi, akaapa, akaulizwa aeleze alivyozifua sarafu za Mlezi.

Naye akaeleza. Alianza na kuloweka. Alieleza faida za sabuni ya mche juu ya sabuni ya unga. Alipofika kwenye buluu mwendesha mashtaka alijaribu kumkatiza, lakini Jaji alisema shahidi aachwe amalize. Alipofika kwenye pasi, Waziri Kigumbe, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, alianza kujipepea kwa ratiba ya kesi.

"Kwa hiyo," alisema Jaji taratibu, "Serikali ilifua fedha."

"Mpaka zikang'aa, Mheshimiwa."

"Fedha zilezile za zamani. Za kanga."

"Kanga hakutoka, Mheshimiwa. Nilimsugua sana, lakini ni wa ndani kwa ndani."

"Na zote elfu hamsini zilirudi salama?"

Hapo, kwa mara ya kwanza, Bwana Sururu alitazama chini.

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe ni mteja wetu. Unajua. Soksi hupotea, sembuse sarafu? Lakini idadi tuliirudisha kamili. Palipopungua, tulijaziajazia."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa vilivyokuwepo, Mheshimiwa."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Jambo liko wazi," akasema. "Boksi la mshtakiwa, kielelezo A, lifunguliwe. Ikikutwa humo sarafu kuukuu iliyooshwa, basi mshtakiwa hakumsingizia mtu, nami nitamwachia huru saa hii. Ikikutwa sarafu mpya, shahidi ametuchezea na mshtakiwa ni mwongo. Boksi ni mali yake, kwa hiyo alifungue mwenyewe. Akikataa, nitamfunga."

Watu walishusha pumzi. Maneno ya Bwana Sururu yalikuwa yamekwisha kumwokoa Bwana Ngwali, na kilichobaki ni kuvunja kipande cha lakiri kisichozidi ukucha. Karani alimletea boksi. Bwana Ngwali alilishika kwa ncha za vidole, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akalirudisha juu ya meza.

"Siwezi, Mheshimiwa Jaji."

"Huwezi?"

"Limeandikwa usifungue."

Nyuma ya ukumbi Bwana Chande alifuta machozi. Ni wakusanyaji tu waliouelewa ukubwa wa jambo lile. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa na joto.

Bi Maisara alisimama kutoka benchi la tatu, akaja mbele bila kuitwa, kama aendavyo mtu jikoni kwake.

"Baba Zubeda. Uhuru wako au boksi?"

"Maisara, boksi likifunguliwa halifungiki tena."

"Na mlango wa jela?"

"Ule hufungwa na kufunguliwa kila siku. Haupungui thamani."

"Miaka miwili nitakula na nani?"

"Chande ameahidi kuja Ijumaa."

"Chande anakula kama ana watu wawili ndani yake!" Alimgeukia Jaji, akafunga vizuri mtandio wake. "Mheshimiwa, hawa wana sheria zao, na mume wangu ni mwenyekiti, hawezi kuzivunja. Namheshimu kwa hilo. Lakini mimi si mwanachama."

Na kabla karani hajanyanyuka, alilitwaa boksi, akaitia lakiri ukucha wa kidole gumba, kak, akalipindua juu ya meza ya mahakama.

Kilichotoka kilianguka kwa sauti ile ile iliyokuwa imetajwa katika kumbukumbu za chama: tak. Kikazunguka, kikalala.

Hakikuwa na kichwa cha Mlezi. Hakikuwa na kanga. Kilikuwa cha pembe, cha kahawia, chenye matundu manne.

"Hiki," alisema Bi Maisara, akiinama kukitazama, "ni cha koti lako."

*

Kulizuka kelele ambayo rungu la Jaji halikuiweza. Mwendesha mashtaka ndiye aliyepata sauti kwanza. "Hamna sarafu iliyooshwa! Mshtakiwa ni mwongo, afungwe!" Bwana Ngwali naye hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekichukua kifungo, akakilinganisha na cha juu yake na cha chini yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamilisha seti.

Jaji Semkiwa alisubiri kimya kirudi. Sheria ilitaka mtu huyu afungwe. Mlezi alikwisha sema. Mume wa Jaji mwenyewe, ambaye ni mtumishi wa umma, alikuwa na boksi nyumbani linalosema ting. Alikunja faili.

"Mahakama hii ni huru," alisema, "na katika uhuru wake ilisikiliza redio asubuhi. Mlezi wa Taifa ametamka kwamba mshtakiwa atapata kifungo, na Mlezi hajawahi kusema lisilotimia, ukiacha uchaguzi, ambao bado unaandaliwa. Sheria nayo inadai kifungo. Mahakama imetazama kielelezo A, na imekuta kifungo. Haioni haja ya kumtafutia mshtakiwa kingine. Bwana Ngwali, unapewa kifungo kimoja, cha pembe, chenye matundu manne, na kianze kutumika leo."

"Mheshimiwa Jaji!" Mwendesha mashtaka aliruka. "Sheria inasema kisichopungua miaka miwili!"

"Ni kweli, asante. Bwana Ngwali, koti hilo lina umri gani?"

"Miaka kumi na tisa, Mheshimiwa Jaji. Nililishonesha nilipopandishwa cheo."

"Na vifungo ni vya awali?"

"Vyote!" alisema Bwana Ngwali kwa uchungu wa mtu aliyeshukiwa kughushi.

"Basi ni kifungo cha miaka kumi na tisa. Mahakama imekuwa kali kuliko ilivyoombwa. Kesi imekwisha."

Jioni ile Radio ya Taifa ilitangaza kwamba Ngwali fulani, mchochezi, amepewa kifungo cha miaka kumi na tisa, na kwamba amekipokea kwa utulivu. Mlezi alisemekana kusikitishwa na ukali wa mahakama, akaahidi kutafakari msamaha. Bwana Ngwali aliisikia habari hiyo akiwa nyumbani, akinywa chai.

Sina mengi ya kuongeza. Mheshimiwa Kigumbe alihamishiwa Wizara ya Nishati, kwa kuwa alikwisha onyesha uwezo katika mambo ya kufua. Bwana Sururu ameshinda zabuni yake ya kwanza huko, na nasikia tayari ameomba kamba ndefu za kuanikia. Chama cha Wapenzi wa Sarafu kinaendelea kukutana kila Jumamosi juu ya kiwanda cha mikate, na sasa mjadala mkubwa ni vifungo vingapi viliingia katika maboksi, vya pembe vingapi na vya plastiki vingapi. Boksi la Chapa ya Tak limepanda bei mara kumi. Hakuna mwanachama aliyefungua lake, na hakuna atakayefungua. Bwana Chande hutikisa la kwake kila asubuhi, akimwomba Mungu liwe limeharibika.

Kulikuwa na mzozo mmoja tu. Bwana Ngwali alitaka kukihifadhi kifungo katika kasha la kioo, chenye maelezo, kama kielelezo pekee kilichofunguliwa cha toleo zima. Bi Maisara alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni wazo zuri, akachukua sindano.

Katika nchi ile ninawajua raia wengi waliotumikia vifungo. Bwana Ngwali ndiye peke yake ninayemjua ambaye kifungo kinamtumikia yeye, hasa asubuhi za baridi.